Palipozikwa Kitovu: Uzazi wa Akina Mama Wakimbizi wa Burundi katika Tanzania

Mswahili akitaka kueleza kwao mtu ni wapi, aghalabu hataji mahali alipojenga nyumba, wala mahali anapolipia kodi. Husema: pale ndipo kilipozikwa kitovu chake. Msemo huu haukutoka vitabuni. Umetokana na kazi ya wakunga, ambao baada ya kumpokea mtoto na kumkata kitovu hukabidhi ardhini kile kilichomfungamanisha mtoto na mama yake. Kwa hiyo katika mawazo ya watu wetu uzazi si jambo la mwili peke yake. Ni tendo linalomtia mtu katika ukoo, katika ardhi, na katika hesabu ya wenyeji wa mahali fulani.

Basi yafaa tujiulize: mtoto aliyezaliwa ukimbizini, kitovu chake kimezikwa kwao au kimezikwa ugenini? Na mama yake, aliyepokewa na mkunga asiyejua lugha yake, katika nyumba isiyokuwa ya mumewe wala ya wazazi wake, alikuwa mgeni hapo au alikuwa tayari anaanza kuwa mwenyeji? Katika makala haya tutayatazama maswali hayo kwa kufuata historia ya akina mama wa Burundi waliokimbilia Tanzania tangu mwaka 1972.

Historia ya wakimbizi katika nchi yetu imekwisha kuandikwa, lakini imeandikwa zaidi kwa upande wa serikali na mikataba. Tunasoma juu ya Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969. Tunasoma juu ya mkutano mkubwa wa wakimbizi wa Afrika uliofanyika Arusha mwezi Mei 1979. Tunasoma kwamba mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa ajili ya ukarimu wa nchi yake. Mambo hayo ni ya kweli, nayo ni ya heshima kwetu. Hata hivyo, mtu akiyasoma yote hayo ataona hekta za mashamba na magunia ya mavuno, lakini ni nadra sana kumwona mwanamke aliyeshikwa na uchungu usiku, katika kibanda cha miti msituni, siku chache baada ya kushushwa kutoka katika lori. Nasi twaamini kwamba bila huyo historia yenyewe haikamiliki.

Waliokuja na walivyokuja

Mwishoni mwa mwezi wa Aprili 1972 yalizuka maasi kusini mwa Burundi, na baada yake jeshi la serikali ya wakati ule lilianza kuwaua Wahutu kwa wingi. Waliotafutwa kwanza walikuwa wale waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi, wauguzi, wanajeshi. Ndipo makumi ya maelfu ya watu walipovuka mpaka, wengine kwa mitumbwi katika Ziwa Tanganyika, wengine kwa miguu kupitia mabonde ya Malagarasi, wakaingia katika mkoa wa Kigoma.

Kutokana na jinsi mauaji yale yalivyoendeshwa, kuna mambo mawili yanayohusu moja kwa moja habari yetu. La kwanza ni kwamba wanawake wengi walifika wakiwa wajane, ama bila kujua kama waume zao wako hai. La pili ni kwamba jamii hii ilifika ikiwa imenyang'anywa sehemu kubwa ya watu wake wenye elimu, pamoja na wale ambao wangeweza kuwa wauguzi wake. Mjuzi wa uzazi aliyesalia, basi, alikuwa mwanamke mtu mzima wa kijijini, aliyejifunza kwa mama yake na kwa shangazi zake, asiyekuwa na cheti cha mtu yeyote.

Liisa Malkki, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyeishi na wakimbizi hawa huko Mishamo na Kigoma katika miaka ya 1985 na 1986, alikusanya masimulizi yao mengi juu ya mwaka 1972. Katika masimulizi hayo mja mzito anatajwa mara kwa mara, kwani kumwua mwanamke mwenye mimba kulihesabiwa kuwa ndiyo dalili ya mwisho ya nia ya kuwamaliza watu wote, wa leo na wa kesho. Mtu akilielewa hilo, ataelewa pia kwa nini kuzaa salama ukimbizini kulikuwa na uzito uliozidi furaha ya nyumba moja. Kila mtoto aliyelia alikuwa jibu.

Ukunga walioujua

Katika Burundi watu hawakuzoea kuishi katika vijiji vilivyobanana. Kila familia ilikaa katika boma lake, liitwalo urugo, juu ya kilima chake, katikati ya migomba yake. Mwanamke alipojifungua, habari ilienea kilimani kwa vigelegele, ambavyo kwa Kirundi huitwa impundu. Baadaye jirani na ndugu walikuja kumtazama mzazi wakileta chakula na pombe. Desturi hiyo huitwa guhemba, neno ambalo pia lina maana ya kumlipa mtu ujira wake. Neno hilo lina hekima ndani yake, kwa maana linamhesabu mzazi kuwa mtu aliyefanya kazi kubwa kwa ajili ya wengine, naye anastahili malipo. Halafu siku ilifika ya gusohora umwana, yaani kumtoa mtoto nje, ili auone mwanga na watu wamwone.

Jina nalo lilikuwa na utaratibu wake. Mrundi hakuzoea kumpa mtoto jina la babaye liwe la ukoo. Kila mtoto alipewa jina lake mwenyewe, na jina hilo lilisema neno. Pacha wa kwanza huitwa Bukuru na wa pili Butoyi. Mtoto wa saba huitwa Nyandwi, wa nane Minani. Mwingine huitwa Havyarimana, maana yake ni kwamba anayezaa ni Mungu.

Tena kulikuwa na ingobyi. Kwa neno hilo hilo moja Warundi waliita ngozi laini ambayo mama humbebea mtoto mgongoni, na pia machela ambayo wanaume wanne hubebea mgonjwa au mja mzito aliyeshindwa kutembea. Anayebebwa mwanzoni mwa maisha na anayebebwa katika hatari, wote wawili wamo katika ingobyi.

Desturi hizo zote zilihitaji kilima, jirani, migomba na ndugu. Mkimbizi alifika bila hata kimoja cha hivyo.

Mgeni na jembe

Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siasa ya Tanzania kuhusu wakimbizi katika miaka ile ilikuwa karibu tafsiri kamili ya methali hiyo. Wakimbizi hawakukusudiwa kukaa katika mahema na kulishwa daima. Walipelekwa mbali na mpaka, wakapewa ardhi, mbegu na majembe, na chakula cha msaada mpaka wavune. Makazi ya Ulyankulu katika mkoa wa Tabora yalianza mwaka 1972. Katumba katika wilaya ya Mpanda yalifuata mwaka 1973. Na Mishamo, pia Mpanda, yalianzishwa mwaka 1978, kwa sehemu ili kupokea watu waliohamishwa kutoka Ulyankulu, ambako maji hayakuwatosha. Kazi ilifanywa kwa ushirikiano wa serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi lililoundwa mwaka 1964 na Walutheri, lijulikanalo kwa kifupi kama TCRS.

Ukarimu huo ulikuwa wa kweli. Lakini mtu akiutazama kwa macho ya mja mzito, anaona pia taabu yake. Msitu wa miombo ulipaswa kukatwa na visiki kung'olewa. Na mwanamke, hasa yule asiyekuwa na mume, alishika shoka na jembe hadi miezi ya mwisho ya mimba. Ndorobo walikuwa wengi, malaria ilikuwa nyingi. Nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya barabara zilizonyooka, na jirani alikuwa mtu aliyegawiwa kiwanja cha karibu, wala si lazima awe ndugu wala mtu wa kilima kimoja. Nani basi angekuja guhemba? Jibu ambalo maisha yenyewe yalitoa ni kwamba jirani wa kugawiwa aligeuka kuwa jirani wa kweli, na mara nyingi mlango wa mageuzi hayo ulikuwa ni uzazi, maana uchungu haungoji ukoo ukusanyike.

Zahanati, kadi na lugha

Wakimbizi hawa waliingia nchini katika wakati ambapo Tanzania yenyewe ilikuwa inajenga upya huduma zake za afya. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mkazo ulihamishwa kutoka hospitali kubwa za mijini kwenda zahanati na vituo vya afya vijijini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili namna ya kujikinga na maradhi. Katika miaka hiyo hiyo ulienezwa mpango wa afya ya mama na mtoto, na wahudumu wake walifundishwa kuwapima waja wazito, kuwachanja watoto na kuwapima uzito. Makazi ya wakimbizi nayo yalijengewa zahanati na vituo vya afya kwa mfano huo huo. Kwa hiyo si haki kusema kwamba mkimbizi alikuta mfumo uliokamilika wa wenyeji, naye akashindwa kuuzoea. Mwenyeji na mgeni walijifunza kliniki kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, mgeni alijifunza kwa lugha isiyokuwa yake. Katika Kigoma jambo hili halikuwa zito, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, na maelfu ya wakimbizi waliobaki katika vijiji vya Waha walizalishwa na wakunga walioelewana nao neno kwa neno. Lakini huko Tabora na Mpanda muuguzi alitoka pengine Kilimanjaro, Ruvuma au Mwanza, na daraja lililokuwepo lilikuwa Kiswahili. Mwanamke ambaye hakuwahi kukisema aliyapata maneno yake ya kwanza mle kliniki: mimba, uchungu, damu, sukuma, pumzika.

Hapa hatuna budi kutua kidogo, kwa maana lugha zetu zilikuwa zikisalimiana bila wenyewe kujua. Mrundi husema kuvyara kwa maana ya kuzaa, na mzazi humwita umuvyeyi. Msomaji anayefahamu Kiswahili cha kale na lahaja za kaskazini atakumbuka mara moja neno kuvyaa, ambalo ni kuzaa, na mvyele, ambaye ni mzazi. Muuguzi aliyedhani kwamba anasikia lugha ngeni kabisa alikuwa anasikia neno la babu zake mwenyewe.

Jambo jingine jipya lilikuwa kadi. Kadi ya kliniki ilikuwa, kwa wanawake wengi, karatasi ya kwanza ya serikali iliyoandikwa jina la mtoto wao. Kadi ile iliuliza jina la mtoto na jina la baba yake, kwa desturi ya kuyaunganisha. Lakini tumekwisha ona kwamba Mrundi hakuyaunganisha. Na mjane ambaye mumewe hakujulikana kama yu hai angejibu nini? Swali dogo la karani laweza kuwa swali kubwa la moyo.

Kisha kulikuwa na chumba chenyewe cha kujifungulia. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati mwanamke alizoea kujifungua amechuchumaa au amepiga magoti, ameshikiliwa na mwanamke mwenzake. Zahanati ilimlaza chali kitandani, na mwenzake akaambiwa angoje nje. Kondo la nyuma halikupelekwa nyumbani likazikwe. Lilitupwa katika shimo la zahanati. Mambo hayo yaliwapata wananchi sawasawa na wakimbizi, lakini uzito wake haukuwa sawa. Mwananchi alipotoka zahanati alirudi kwao. Mkimbizi alipotoka alirudi katika kiwanja namba fulani.

Wala tusidanganyike upande wa pili kwa kuusifu ukunga wa jadi kupita kiasi. Mkunga wa jadi, awe Mrundi au Mnyamwezi, hakuwa na dawa ya kuzuia damu inayomwagika bila kukoma, wala njia ya kumtoa mtoto aliyekingama. Kisu cha hospitali kiliokoa maisha ambayo hekima ya wazee isingeweza kuyaokoa. Lililokosekana lilikuwa ni kuviunganisha viwili hivyo: kisu cha mmoja na mkono wa mwingine begani.

Kibali na safari

Kulikuwa na tatizo moja ambalo halikuwapata wananchi hata kidogo. Sheria ya kudhibiti wakimbizi ya mwaka 1965 iliwaweka wakaazi wa makazi hayo chini ya mkuu wa makazi, na mkimbizi hakuruhusiwa kutoka bila ya kibali. Kwa mkulima anayekwenda kumtembelea ndugu, kibali ni usumbufu. Kwa mwanamke ambaye mtoto amekwama tumboni usiku, na hospitali kubwa iko mbali kwa barabara ya vumbi inayokatika wakati wa masika, kila hatua inayoongezwa ni hatari. Baiskeli, machela na lori la makazi vilikuwa na kazi kubwa kuliko vinavyosifiwa. Ingobyi ya Burundi haikuachwa mpakani.

Tofauti hii yatufundisha jambo. Kifo cha mwanamke katika uzazi, wataalamu wa siku hizi wanatueleza, mara nyingi huletwa na kuchelewa: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ukimbizi unaweza kuongeza kila kimoja cha hivyo vitatu. Asiyejua lugha huchelewa kuamua. Anayehitaji ruhusa huchelewa kufika. Asiyeeleweka huchelewa kuhudumiwa.

Kutoka makazi hadi kambi

Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, Warundi wengi walikimbia tena. Mwezi Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, umati mkubwa wa Wanyarwanda ulivuka daraja la Rusumo katika muda usiozidi siku mbili, ukapiga kambi Benaco katika wilaya ya Ngara. Siasa ya jembe ilikuwa imekwisha. Sasa ilikuwa zamu ya hema na mgao wa chakula. Mwaka 1997 hata wakimbizi waliokuwa wamekaa miaka mingi vijijini katika Kigoma walikusanywa na kupelekwa makambini. Wanawake waliokuwa wakizalishwa na jirani zao Waha walijikuta nyuma ya mpaka wa kambi.

Katika misiba hiyo ya kwanza, mashirika yalifikiria maji, kipindupindu na chakula. Uzazi ulihesabiwa kuwa jambo la kungoja. Mkutano wa Cairo juu ya idadi ya watu na maendeleo, mwaka 1994, ulisaidia kuibadili fikra hiyo, na kuanzia mwaka 1995 mashirika yalikubaliana juu ya kima cha chini cha huduma za uzazi ambazo ni lazima zitolewe tangu siku za mwanzo za msiba wowote. Kwamba jambo hilo lilihitajika ilithibitishwa katika nchi yetu yenyewe. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1998 katika kambi ya Mtendeli, mkoani Kigoma, kati ya wakimbizi wa Burundi, ulionyesha kwamba vifo vya watoto wachanga na vya akina mama kwa sababu ya uzazi vilifikia asilimia 16 ya vifo vyote vilivyotokea katika kipindi kilichochunguzwa. Na mwanamke aliyeugua malaria mara tatu au zaidi katika mimba alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kumpoteza mtoto. Baada ya hapo huduma za uzazi makambini zilikazwa, na katika miaka iliyofuata kujifungulia katika kituo cha afya, mbele ya mkunga aliyesomea, kukawa ndiyo kawaida.

Hapo pia mkunga wa jadi alibadilishiwa kazi. Aliyekuwa akizalisha alitakiwa sasa amsindikize mja mzito kituoni. Wengine waliona wamevunjiwa heshima. Lakini pale alipokubaliwa kuingia naye ndani, akakaa kichwani pa mzazi akimtuliza kwa Kirundi huku muuguzi akifanya kazi yake, ujuzi mbili zilizokuwa zimetengana tangu 1972 zilikutana.

Uraia ulioanzia kwa mkunga

Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa, zilianza mpango wa kumaliza ukimbizi wa watu wa 1972. Walipohesabiwa, walikuwa zaidi ya 200,000, na wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa hapa Tanzania. Wakaulizwa: mwarudi, au mwabaki? Wengi sana walichagua kubaki, na ilipofika mwaka 2010 watu wapatao 162,000 walikubaliwa kuwa raia, ingawa iliwabidi wangoje miaka kadhaa zaidi ndipo wapate hati zao. Ulimwengu ulikitazama kitendo hicho kwa mshangao, kwani ni nchi chache zilizowahi kuwapa uraia wakimbizi wengi namna hiyo kwa mara moja.

Sisi hatuna budi kukitazama kwa jicho jingine. Wale waliojibu kwamba wanabaki walikuwa, kwa sehemu kubwa, watoto wa zahanati za Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walipokewa na mikono ya wakunga wa nchi hii na ya wakunga waliokuja na mama zao. Kadi ya kliniki iliwatambua kabla sheria haijawatambua. Vitovu vyao vilikwisha zikwa katika udongo wa Tabora na Mpanda miaka thelathini kabla ya waziri yeyote kutia sahihi. Serikali iliwapa hati; lakini jambo lenyewe lilianzwa na wanawake.

Tusiseme haya ili kujisifu tu. Mwaka 2015 Warundi wengine walikimbia, wakajaa katika kijiji cha Kagunga kando ya Ziwa, wakapatwa na kipindupindu, na meli ya MV Liemba ikawavusha hadi Kigoma. Miongoni mwao walikuwamo waja wazito pia, nao walianza upya yale ambayo mama zao walianza mwaka 1972. Kwa hiyo habari hii si ya zamani peke yake, na kipimo chake ni kile kile: mja mzito anapofika mlangoni pa zahanati, je, aeleweka? Je, aruhusiwa kuwa na mwenzake? Je, njia ya kwenda hospitali i wazi kwake usiku kama ilivyo kwa mwananchi?

Kuna kazi moja ambayo taasisi zetu za utamaduni zaweza kuifanya bila gharama kubwa, nayo haingoji. Wanawake waliozaa na waliozalisha katika makazi yale miaka ya 1970 sasa ni wazee sana, na wengi wamekwisha kufa. Wanajua majina ya dawa za miti walizozikuta katika misitu ya Mpanda badala ya zile za kwao. Wanajua nyimbo walizombembelezea mtoto kwa lugha mbili. Wanajua ni jirani gani aliyekuja guhemba wakati hapakuwa na ndugu. Maarifa hayo sasa ni mali ya taifa, kwa maana wenyewe ni wa taifa. Waendewe huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo, waulizwe kwa Kirundi na kwa Kiswahili, na maneno yao yaandikwe, pamoja na ya wauguzi wastaafu waliowapokea watoto wao.